Saa ya Kufunga na Saa ya Kufungua

Mazungumzo ya mhazini msaidizi kwenye chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na amenionya kwamba mhasibu akishika kipaza sauti anasoma hesabu mpaka chakula kinapoa. Leo sisomi hesabu. Mapato na matumizi ya mwaka mtayakuta kwenye kurasa za nyuma za kijitabu, na maswali yake nitayapokea kwenye mkutano mkuu. Leo nataka kuzungumzia mstari mmoja tu wa orodha ya mradi wetu. Mstari huo umeniletea simu nyingi wiki hizi mbili. Umeandikwa hivi: mikanda ya kuzuia damu, iliyotakaswa, ya kutumika mara moja. Mzee wetu mmoja aliniuliza kama chama sasa kimeanza kununua mikanda ya suruali.

Kila aliyewahi kutolewa damu ya kupima anamjua mdogo wake mkanda huu. Ni ule mpira anaofungwa mtu juu ya kiwiko ili mshipa utokeze. Kwenye chumba cha upasuaji kazi ni kubwa zaidi. Daktari anapotaka kuunganisha mfupa wa mguu, au kushona kano ya mkono iliyokatwa na panga au msumeno wa mbao, damu inayotiririka inamfunika macho. Hivyo mkanda hufungwa juu ya mahali pa kazi, kwenye paja au mkono wa juu, damu ikasimama, na daktari akaona anachokifanya. Watu wa tiba huuita turniketi. Si kila upasuaji wa mguu unauhitaji, na madaktari wa mifupa wenyewe hubishana lini utumike na lini uachwe. Lakini ukihitajika, hauna mbadala.

Sasa niwaambie kwa nini mhasibu anajiingiza kwenye mambo ya madaktari.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda Makambako. Mnaijua njia panda ile. Malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana, mabasi ya Songea yanakata kona, na stesheni ya TAZARA inashusha abiria ambao wote wanataka pikipiki kwa wakati mmoja. Usiku mmoja wa ukungu, mwezi wa saba, aliangushwa. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Alihamishwa zaidi ya mara moja, akaishia kupasuliwa kwenye hospitali moja nje ya mkoa wetu. Sitaitaja, na naomba msianze kukisia, maana waliompokea walimpokea vizuri na mfupa wenyewe ulikaa sawa.

Alipozinduka hakuweza kuinua vidole vya mguu. Unamwambia, inua kidogo tu, anakunja uso, anatoa jasho, vidole vimelala. Wiki ya pili kidonda kikaanza kutoa usaha. Akarudishwa chumba cha upasuaji kuoshwa.

Nilipopanda kwenda kumwona niliomba kuzungumza na daktari, na daktari hakunificha. Alisema unyayo kulala namna ile kunaweza kutokana na ajali yenyewe, mfupa ukigonga mshipa wa fahamu, au kunaweza kutokana na mkanda uliobana sana au kukaa sana. Nikamuuliza, ulikaa muda gani? Akafungua faili. Saa ya dawa ya usingizi iliandikwa. Saa ya kumaliza iliandikwa. Saa ya kufunga mkanda na saa ya kuufungua hazikuwepo. Akaniambia, "Kaka, sijui." Na mkanda wenyewe ulikuwaje? Ule wa siku zote, akasema, mpira unaofutwa kwa spiriti na kurudishwa kabatini.

Ndugu zangu, nimekagua vitabu kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Najua sura ya hati isiyo na risiti. Haimaanishi kwamba mtu ameiba. Inamaanisha kwamba hakuna atakayejua kamwe. Mpaka leo sijui mkanda ule ulimdhuru mdogo wangu au ulionewa. Nilichokuwa nacho ni daftari langu la gharama: shilingi 3,860,000 za dawa, nauli, vitanda na chakula cha wauguzaji. Humo sijaweka ekari moja ya miti ya paina aliyoiuza ikiwa na miaka saba, na kila aliyetoka kwetu anajua maana ya kuuza paina ya miaka saba.

Na kuna deni lingine ambalo halimo kwenye daftari. Miaka mingi kabla ya ajali ile, nikiwa kijana ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, nilifanya kazi kwenye idara ya uhasibu ya hospitali moja, mkoa mwingine kabisa. Sista wa chumba cha upasuaji akaleta maombi ya vifaa, na kati yake mikanda ya namna hii. Nikamuuliza, "Sista, kwani huu wa zamani hauoshwi?" Nikapiga mstari, nikaandika pembeni: watumie uliopo. Akanitazama, akasema, "Sindano mbona hamtuulizi kama zinaoshwa?" Akaondoka. Nilijiona nimeokoa fedha za umma.

Wazee hapa mnakumbuka sindano za kioo. Zahanati nzima ilikuwa na sindano chache, zinachemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na wewe mtoto unasikiliza zinavyogongana humo ukijua zamu yako inakuja. Nani leo angekubali? Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na mashirika mwenzake ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika mara moja. Wahasibu walilalamika wakati ule pia, sina shaka. Leo hakuna anayekumbuka malalamiko yao.

Hapa nisipotoshe mtu. Mkoa wetu una mzigo mkubwa wa virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulituweka juu ya mikoa yote kwa asilimia 11.4 ya watu wazima. Kwa hiyo mtu akisikia mkanda wenye damu ya mwingine, fikra inakwenda huko moja kwa moja. Lakini hofu kubwa ya mkanda unaorudiwa ni bakteria wa kawaida. Watafiti wa nchi mbalimbali walipopangusa mikanda inayorudiwa na kupeleka maabara, waliwakuta. Mpira una mikunjo, kitambaa kina nyuzi, gundi ya kufungia inashika uchafu, na mkanda unakaa sentimita chache kutoka kwenye jeraha lililo wazi mpaka kwenye mfupa. Mfupa ukishaingia usaha, kuutoa ni kazi ya miezi, wakati mwingine miaka.

Ndiyo maana umetengenezwa mkanda unaokuja kwenye pakiti yake, umetakaswa kiwandani, unafunguliwa mbele ya mgonjwa mmoja na kutupwa baada yake. Upo wa kujazwa upepo, wenye mashine ya kupima mgandamizo. Upo pia wa pete ya mpira wa silikoni, unaoviringishwa kutoka vidoleni kwenda juu huku ukiisukuma damu mbele yake, kisha unabaki pale juu umebana. Huu wa pili hauhitaji umeme wala mashine, na kwa hospitali zetu hilo ni jambo. Lakini una masharti. Lazima mguu upimwe mzingo kwanza ndipo ichaguliwe saizi. Na haukamuliwi mguu wenye usaha, wenye uvimbe wa saratani au wenye damu iliyoganda mishipani, maana utasukuma balaa kwenda juu mwilini. Mwenye seli mundu naye anahitaji uamuzi wa makini kabla hajafungwa mkanda wowote.

Neno la mgandamizo nalipenda, kwa sababu sisi watu wa viazi tunalielewa kuliko wengi. Mpira wa kufunga kwa nguvu za mkono ni lumbesa. Mnunuzi anasema ni gunia moja, lakini hakuna mizani, na mkulima ndiye anayeumia. Aliyefunga anadhani amebana kiasi. Chini ya mpira ule mwembamba mshipa wa fahamu unapondwa, na hakuna kipimo cha kumwambia basi, yatosha. Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Johann von Esmarch, aliutangazia ulimwengu mkanda wake wa mpira wa kukamua damu. Ilipofika 1904 Mmarekani Harvey Cushing alikuwa ameshauweka upepo na kipimo, kwa sababu mpira mtupu ulikuwa ukiwaachia wagonjwa mikono iliyopooza. Zaidi ya miaka 120 imepita tangu mkanda upewe mizani. Mkanda mpana unazuia damu kwa mgandamizo mdogo kuliko mwembamba. Na mgandamizo sahihi hupangwa kwa presha ya mgonjwa mwenyewe na unene wa mguu wake, si kwa mazoea.

Kisha kuna saa. Mguu usiopata damu ni kama mtu aliyezamishwa majini, unavumilia kwa muda. Kawaida inayofuatwa na wapasuaji wengi ni kutovuka saa mbili, na kwa watoto pungufu ya hapo. Kazi ikizidi, mkanda unalegezwa mguu upumue kwa dakika kadhaa ndipo kazi iendelee. Sasa fikirini daktari ameinama kwenye mfupa, jasho, taa, skrubu haiingii. Hawezi kuwa yeye anayetazama saa. Lazima awepo mtu wa kusema kwa sauti, "Daktari, saa moja imekwisha," na lazima iwepo karatasi ilipoandikwa saa nne na dakika tano, umefungwa.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Basi twende Ifakara, majirani zetu wa bondeni. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine zilikuwa London, Toronto, Seattle, Auckland, Manila, Amman na New Delhi. Orodha ni karatasi yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Jina la mgonjwa, mguu gani, dawa ya kuzuia usaha imetolewa, vifaa vimehesabiwa. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi! Shirika lenyewe linaruhusu kila hospitali kuongeza vipengele vyake, na ombi letu kwa waganga wafawidhi wa kwetu ni kuongeza mstari wa mkanda: saizi, mgandamizo, saa ya kufunga, saa ya kufungua, na jina la aliyethibitisha kwamba umetolewa.

Hilo la mwisho msilidharau. Desemba 2009 wakala wa usalama wa wagonjwa nchini Uingereza ulilazimika kutoa tahadhari kwa hospitali zote kuhusu pete za kubana vidole. Watu walikuwa wakikata kidole cha glavu na kukifanya pete, wanashona kidole cha mgonjwa, wanafunga bandeji juu yake, pete wanaisahau ndani. Kidole kinakufa chini ya bandeji safi. Wakaagizwa watumie zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye rangi kali inayoonekana, na kuondolewa kwake kuandikwe. Ni Uingereza hiyo, yenye kila kitu.

Nimeulizwa pia: sawa, tukinunua, kwa nini wasiutakase tena kwa mashine ya mvuke na kuutumia mara tatu? Swali zuri, ni lile lile nililomuuliza Sista. Mkanda wa mara moja haukutengenezwa kuvumilia joto lile. Mpira unachoka, gundi inaachia, na ule mgandamizo ulioandikwa kwenye pakiti haupo tena. Unaweza kulegea katikati ya upasuaji, damu ikafumka. Pakiti iliyochanika, iliyolowa au iliyopita tarehe haitumiki. Iliyofunguliwa na mkanda usihitajike, hairudishwi kabatini. Na mkanda hata ukiwa mpya kabisa, ukifungwa juu ya ngozi isiyowekewa pamba laini isiyo na makunyanzi, au spiriti ya kusafishia ikatiririka na kunywea chini yake, ngozi inaungua bila moto.

Hapo ndipo nilipobadilika kama mhasibu. Zamani nilihesabu bei ya kipande. Kifaa kinachorudiwa hakina hesabu: kimenunuliwa kimoja, kimetumika mara mia, au mara kumi, hakuna anayejua. Cha mara moja kina hesabu. Tukinunua mikanda 200, na rejista ya upasuaji ikaonyesha wagonjwa 140 waliofungwa mkanda, stoo ibaki na 60. Ikibaki na 90, ina maana wagonjwa 30 walifungwa mkanda uliokwisha tumika. Ikibaki na 20, kuna 40 zimetembea. Kwa karatasi mbili tu, kadi ya stoo na rejista, nikiwa nimekaa hapa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, naweza kuona kama mgonjwa analindwa. Ila rejista ikiwa tupu kama faili la mdogo wangu, mikanda yetu yote ni mapambo.

Kwa hiyo fedha tunazoomba hazinunui mikanda peke yake. Tumezungumza na wahusika wa vyumba vya upasuaji vya Njombe na Makambako, na tutanunua kwa utaratibu wa hospitali zenyewe, vifaa vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, saizi za watu wazima na za watoto. Tutanunua saa kubwa za ukutani zenye kengele na ubao mweupe wa kuandika muda. Tutalipia siku mbili za mafunzo kwa timu nzima, pamoja na wauguzi, watu wa usingizi na mtu wa stoo. Na tutasaidia kukarabati kichomea taka, kwa sababu kitu cha kutupwa kisipokuwa na mahali pa kutupwa kitarudi. Ndugu zetu mlioko nje ya nchi, tunawashukuru kwa moyo wenu, lakini tafadhali msitutumie maboksi ya vifaa vilivyokaribia kwisha tarehe. Tumeni fedha.

Neno moja kwa vijana wa bodaboda, kwa kuwa najua mtasoma kijitabu hiki. Mkanda ninaousema ni wa chumba cha upasuaji. Barabarani, mwenzenu akivuja damu, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, msiachie, mkimbilie hospitali. Kamba ya kiatu au waya wa mzigo unakata nyama. Kama damu inaruka na haizuiliki kabisa kwa kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, andika saa kwenye paji la uso wa majeruhi, na umwambie wa kwanza atakayempokea.

Mdogo wangu alianza kuinua vidole mwezi wa nane baada ya ajali. Havijarudi vyote. Kwenye pikipiki mguu wa kushoto ndio wa gia, kwa hiyo bodaboda aliiacha. Sasa ana duka la vipuri pale pale njia panda, na anawakopesha wenzake taa za nyuma kuliko inavyomfaa. Amekuja nami leo. Yule pale karibu na mlango, mwenye koti la bluu. Daftari la ahadi analo yeye na atapita meza kwa meza. Andikeni jina, kiasi, na tarehe mtakayolipa. Risiti mtazipata kwangu. Anatembea taratibu kidogo, basi msimharakishe.